Boga la Mwenzangu kwenye Karieri

Rafiki, juzi nilishuka tena ndani ya karieri, lile shimo la kuvunjia mawe la mtaa wetu hapa Goma. Siku hizi ni bustani ya miti na maua, watu wanavaa nguo za Jumapili kuja kupiga picha. Anayemwagilia maua ni mtoto wa jirani yetu wa zamani. Amevaa koti la kazi la kijani, na wageni wanamwita mama ingawa umri wetu ni mmoja. Nilisikia wivu tangu mlangoni.

Wivu huo ni wa zamani. Tulipokuwa watoto, koko yangu, mama ya mama, alivunja mawe pale kila siku. Asubuhi ulisikia nyundo tu, na vumbi jeusi liliingia mpaka kwenye meno. Udongo haukuwepo, volkano ilikuwa imefunika yote. Basi koko aliporudi kutoka kwao Kalengera, alileta mfuko mmoja wa udongo pamoja na maharagi yake, akaumwaga katika tundu la mwamba. Nikapanda boga. Lilikuwa langu peke yangu.

Mtoto wa jirani naye akaomba udongo. Nilimwambia aende kuutafuta kwao. Koko akaguna. "Unataka uulambe peke yako?" Akachota nusu kwenye tundu langu, akampa wa kujaza tundu la pili.

Boga lake likapita langu. Majani yalikuwa mapana kama sahani, likatoa maua wakati langu bado linajikokota. Hata wanunuzi wa kokoto walisimama kulisifu. Siku moja saa sita, koko aliniachia sufuria ya maharagi niichunge. Nilichota maji yake yanayochemka, nikayamwaga kwenye shina la mwenzangu. Kesho yake boga lilikuwa limelala. Koko alisema ni jua, mawe yamelichoma. Mtoto wa jirani hakulia. Nilitaka alie.

Juzi alitutembeza, mimi na wageni wengine, akitaja jina la kila mti bila kusoma popote. Tulipofika penye lile tundu lake akasema, "Hapa nilipanda boga yangu ya kwanza. Jua ikaiunguza."

Wageni walipotangulia, nilimwambia kwa sauti ndogo, "Haikuwa jua. Ni mimi."

Aliendelea kumwagilia. "Najua. Nilikuta maharagi yenye kuiva pale kwenye shina. Nilikuwa na njaa, nikakula."

"Na haukusema?"

"Koko yako angekupiga. Tena udongo ulikuwa wenu."

Koko hayupo tena, nyundo hazisikiki, nyasi zimefunika mahali alipokuwa akikaa. Wa siku zile tumebaki sisi wawili. Na siri niliyoificha miaka yote, mwenzangu aliimaliza siku ile ile, akashiba. Hata hilo namwonea wivu.