Jumapili Mbele ya Geti la Bustani

Enzi zetu kule landhi za reli Nakuru, zile nyumba za wafanyakazi, siku ya matembezi ilianzia miguuni. Mama alitusugua visigino kwa jiwe mpaka tukapiga kelele, kisha akatupaka mafuta ya kupikia, miguu ikang'aa na mbwa wa jirani wakatufuata wakiiramba. Vijana wa leo wakisikia hivyo hucheka. Wao wana viatu vya kukimbilia, ingawa sijawahi kuwaona wakikimbia popote.

Matembezi yenyewe yalikuwa ya nadra, Pasaka na Krismasi, baada ya ibada. Baba, aliyekuwa akipaka grisi mabehewa, alivaa koti lake la pekee na kutia mfukoni kipande, kile kitambulisho cha Mwafrika, maana bila kipande hata Pasaka ungeilia selo. Mama alibeba kikapu chenye viazi vya Dundori vilivyochemshwa na maganda yake, na chai ya maziwa ndani ya chupa iliyozibwa kwa gunzi. Mimi na mdogo wangu Josefu tulitangulia. Tulikuwa tukienda ziwani kuangalia flamingo. Watu wa pwani wana bahari yao. Sisi tulikuwa na maji ya magadi yasiyonyweka wala kuogeka, na upepo ukivuma ulitutia vumbi jeupe machoni. Lakini ziwa lilikuwa letu, kwa sababu siku zile hakuna mzungu aliyetunyang'anya harufu ile.

Bustani ilikuwa jambo lingine. Ilikuwa mjini, nyuma ya ua wa kayaba na geti la chuma. Mwafrika hakuingia humo kustarehe. Aliingia akiwa na fagio, au akiwa yaya mwenye mtoto wa kizungu. Mama alikuwa yaya. Kila siku alasiri, amevaa eproni na kitambaa cheupe kichwani, alimsukuma Tomi wake, mtoto wa mwajiri, kwenye kigari mpaka getini, akafunua shali ili askari auone uso wa mtoto. Askari akishauona, anafungua. "Jambo, mama! Karibu, mama!" Basi mama anaingia, anaketi kwenye benchi lililo karibu na bwawa la samaki.

Jioni, akimenya viazi, alituletea bustani nzima nyumbani. Sikuwa nimeikanyaga, lakini nilijua waridi za njano ziko upande gani, na kwamba pembea ya pili ina mlio, na kwamba samaki mkubwa kuliko wote ana jicho moja. Josefu aliuliza habari za samaki yule kama mtu anayeuliza habari za mjomba wake. Na mama alikuwa na hamu moja, aliisema wazi bila aibu: siku moja aketi kwenye lile benchi na watoto aliowazaa mwenyewe.

Pasaka moja akaamua. Baba alimkataza, akimwita kwa jina langu. "Wachana na mambo ya wazungu, Mama Rael. Twende ziwa." Mama akajibu kwamba yule askari ni mtu wake, humsalimu kila siku, hata humuuliza habari za nyumbani. Hapo ndipo alipokosea, maskini. Alidhani salamu zilikuwa zake.

Tulipofika, askari alimtazama mama toka kichwani mpaka miguuni, akalitazama gauni lake la maua, akatazama nyuma yake.

"Mtoto iko wapi?"

"Si hawa hapa. Leo nimekuja na wangu."

"Mtoto ya mzungu, mama. Hii yako hapana pasi."

"Kwani hunijui? Si ni mimi wa kila siku?"

"Mimi najua ile kigari," akasema. "Toka hapo kabla memsahibu hajaona."

Ndani, pembea ikalia. Josefu akaisikia, akaanza kurukaruka. "Ndiyo ile, mama! Ndiyo ile ya pili!" Mama akamshika mkono, akageuka.

Ziwani tulikula viazi. Mama hakula. Baba hakumwambia "si nilikwambia," na kwa hilo nilimpenda mpaka alipokufa. Wiki ile ile mama alirudi kazini, akafunua shali, akakaribishwa kana kwamba hakuna lililotokea. Lakini bustani hakutuletea tena. Josefu akiuliza habari za samaki wake, anaambiwa anyamaze amenye viazi. Hilo sijalisamehe hadi leo. Geti lilikuwa lao, wafunge wapendavyo. Ile bustani ya jioni ilikuwa yetu.

Siku hizi bustani ni ya kila mtu. Bwawa limekauka, limejaa chupa za plastiki. Vijana wanakalia migongo ya mabenchi, viatu vimewekwa pale pa kukalia, wanajipiga picha. Juzi mjukuu wangu alinipeleka, na kabla sijatulia akaniambia, "Shosho, huku ni boring, twende town." Nilimtukana kimoyomoyo, kisha nikamwonea wivu. Kuichoka bustani ni starehe ambayo mama yangu hakuijua.

Uhuru ulipokuja nilimwalika mama bustanini mara nyingi. Kila mara alikuwa na sababu: miguu inauma, unga umeshakandwa, mvua inakuja. Mwishowe alikubali, mwaka niliojifungua mtoto wangu wa kwanza. Tulikuta geti limeng'olewa, zimebaki nguzo mbili tu, na askari hayupo. Mama akasimama.

"Nipe mtoto," akasema.

Nilidhani ameona nimechoka. Akampokea, akamweka kifuani, na tulipokuwa tukipita kati ya zile nguzo, akafunua shali ili uso wa mtoto uonekane.