Wifi Yangu Alitoa Siri ya Mwanafunzi, Lawama Nimebeba Mimi

Admin, nifichie jina na chuo ninachofundisha, maana Tabora mjini tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nina mume na watoto wawili, na ni mkufunzi wa baiolojia kwenye chuo cha afya.

Wanafunzi wangu wengi wametoka vijijini. Darasani ukiwauliza swali wanainama, wanaogopa kuchekwa. Nikaanzisha jukwaa la mjadala mtandaoni. Kila wiki naweka swali moja, wanajadiliana kwa simu zao, kila mtu kwa jina la kujibunia. Majina halisi tuliyaona wawili tu: mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, anayefundisha maabara. Kazi hiyo mimi ndiye niliyemwombea. Alipofika mjini alikaa kwangu miezi minane, nikampikia kama mdogo wangu wa tumbo moja.

Niliwaahidi wanafunzi kwa kinywa changu kwamba wakiuliza lolote pale, hakuna atakayejua ni nani. Jamani, jukwaa likachangamka! Binti mmoja wa Urambo, ambaye darasani sikuwahi hata kuisikia sauti yake, akawa ndiye anayewafafanulia wenzake mambo ya vinasaba.

Tulipofika kwenye makundi ya damu, binti huyo akaandika: "Wazazi wote wawili wakiwa kundi O, wanaweza kuzaa mtoto wa kundi A? Nimejipima maabara mimi ni A, na kadi zao za hospitali zote zimeandikwa O." Nikamjibu palepale kwamba kwa kawaida haiwezekani, ila kadi hukosewa, kwa hiyo asihitimishe chochote kabla hawajapimwa upya. Akashukuru. Nikajua yameisha.

Haikupita wiki mbili baba yake akaja chuoni, mkulima wa tumbaku, mtu mzima. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Akaniambia mbele ya mkuu wa chuo, "Wewe ndiye unayemfundisha mwanangu kuchunguza ndoa ya mama yake? Dada yangu kaambiwa yote na mwalimu wa hapahapa!" Alikuwa ameshamfukuza mkewe, mama karudi kwao Igunga. Muda wote huo wifi yangu alikuwa kwenye kiti cha pembeni yangu, anatazama kucha zake.

Jioni nikambana jikoni kwangu. "Wifi, ni wewe?"

"Nilimdokeza tu shangazi yake, nimesoma naye. Sikujua atalibeba hivyo."

"Mbona hukusema pale ofisini?"

"Mimi bado niko kwenye matazamio ya kazi, wifi. Wewe wamekuzoea, hawakufanyi kitu."

Nikamwacha hapohapo jikoni, nikaenda kuwalaza watoto.

Yule baba baadaye alipimwa upya, akakutwa A. Kadi yake ya zamani ndiyo iliyokosewa. Akaenda Igunga kuomba radhi, mkewe akamjibu, "Miaka yote hiyo uliniamini nini, kama karatasi imetosha kunitoa ndani?" Mama hajarudi mpaka leo. Binti ameacha masomo yuko na mama yake. Ujumbe wake wa mwisho kwangu ulikuwa mfupi: "Mwalimu, mimi swali lile nilikuuliza wewe." Nimeandika jibu mara nyingi, nikafuta. Jukwaani haandiki mtu tena. Nikipita koridoni wanafunzi wanageuza njia.

Mkuu wa chuo anataka barua ya maelezo Jumatatu. Nilimweleza mume wangu kila kitu nikidhani atanishika mkono. Akasema, "Huyo ni dada yangu, na baba yetu hayupo. Ukimtaja kwenye hiyo barua, ujue umeivunja nyumba hii." Na wifi mwenyewe jana kaja kula kwangu, kacheka na wanangu, kaniomba nimwongezee mchuzi. Nikamwongezea. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nikinyamaza, kazi inaweza kwenda na yule binti ataamini maisha yake yote kwamba mimi ndiye niliyemuuza. Nikisema, watoto wangu watalala nyumba mbili. Ndugu zangu mnaosoma hapa, ningekuwa dada yenu, kwenye barua ya Jumatatu mngeniambia niandike jina la nani?