Mfarishi wa Madera ya Mdogo Wangu

Mama alishona mifarishi, yale matandiko mazito ya vipande vya nguo, kwa mkono tangu nipate akili. Alikata karatasi ngumu za mifuko ya saruji, ambazo huku Wazo kwenye kiwanda cha saruji hazikosekani, akatoa vipande vya pembe sita vya kuenea kiganjani. Kila karatasi aliivika kitambaa, akakunja kingo na kuzishikiza kwa uzi, kisha akaunga kipande kwa kipande kwa mishono midogo ya kutafuta kwa macho. Karatasi zilitolewa mwishoni. Mfarishi mmoja ulimchukua miezi, na ukimhimiza alikujibu kwamba haraka haraka haina baraka. Methali hiyo niliichukia tangu utotoni, maana aliitoa hata ugali ulipochelewa.

Mimi nina cherehani na sina subira. Naunga vitambaa virefu ubavu kwa ubavu, navikatiza kwa mkasi kupata mikanda, naunga mikanda hiyo tena, na baada ya siku mbili kitu kipo kitandani. Mama aliiita kazi yangu mapazia.

Mdogo wangu aliporudishwa nyumbani, kansa imeshashinda dawa, aliomba jambo moja tu. Madera yake yashonwe mfarishi wa binti yake wa miaka minne, na yeye mwenyewe amfunike.

"Nataka nimfunike mie, kwa mikono yangu," alisema.

Mama akayabeba madera yote na kusema hiyo ni kazi yake. Nikamwachia, nikidhani huzuni itamtia kasi. Wapi! Wiki zilipita, mdogo wangu akabaki mifupa, na mama ndiyo kwanza anachagua rangi. Kipande cha kijani alikiweka, akakitoa, akakirudisha. Nilikuwa nikimwangalia hadi meno yananiuma kwa hasira.

Siku moja uvumilivu ukaniishia. "Mama, mwenzetu anakwisha! Nipe hayo madera, kesho kutwa nakukabidhi."

"Shika adabu yako. Nguo ya kumfunika mtoto haikimbizwi."

Mdogo wangu alikuwa amelala pale pale, tulidhani yuko usingizini. Akafumbua macho.

"Mama, unashona taratibu ili nisiondoke," alisema. "Mie naondoka tu, mama yangu."

Nilitamani kumziba mdomo, ingawa hata mimi nilishaliwaza hilo. Mama akachomeka sindano kwenye ukosi wa dera alilovaa.

"Leta cherehani yako," akaniambia. "Mie nakata, wewe kanyaga."

Alikata bila kupima. Dera la Idi, dera la kuchezea harusi ya binamu yetu, lile la kushindia nyumbani lenye doa la mafuta ya nazi, yote yakawa mikanda. Kila nilipofika mwisho wa mshono, alishaninyooshea mkanda mwingine. Katikati tulitia blanketi kuukuu, na kesho yake baada ya alasiri tukamaliza.

Mtoto alikuwa amepitiwa na usingizi mkekani. Tulimshusha mdogo wangu kando yake, nikamwegemeza kifuani kwangu. Akaushika mfarishi kwa mikono miwili, akavuta, akapumzika, akavuta tena. Blanketi lilikuwa zito. Mama akanyoosha mkono kumsaidia.

"Niache, mama."

Aliufikisha magotini pa mtoto. Hapo mikono ikagoma, naye akafumba macho huku jasho likimtiririka. Hatukuthubutu kuusogeza. Alifariki alfajiri ya Ijumaa.

Mama hakulizungumza jambo hilo mpaka baada ya arobaini. Tulikuwa uani tunachambua mchele, akasema bila kuniangalia, "Mwezi ule wa kwanza alikuwa na nguvu. Angeufikisha mabegani."

Mimi ambaye ukoo mzima unaogopa ulimi wangu, nilivuta ungo wake nikamchambulia mchele wake, kwa sababu ilikuwa kweli.