Mama wa Kuazima Kwenye Ekografi

Jamani, hii habari sipendi kuitoa, maana wale walionitazama siku ile kwenye baraza ya hospitali wengine bado tunapishana njiani, na mimi ndiye ninayetazama pembeni. Lakini mmeniuliza kwa nini binti yangu alikulia Mitwaba wakati nilikuwa na nyumba yangu hapa Lubumbashi, basi sikilizeni.

Ilikuwa enzi za Zaire, mimi mfanyakazi wa tanuru la shaba, na mke wangu Numbi alikuwa amefariki akimzaa Umba, mtoto wetu wa kwanza. Mtoto alitanguliza matako badala ya kichwa. Yeye akaokolewa, mama yake akatoka damu mpaka akaisha (hapo sitakaa sana). Mama mkwe wangu akaja kutoka Mitwaba kwa kilio, akabaki kwangu kumlea mjukuu wake, sote tukingoja siku ya kutosha matanga, yaani kuyamaliza.

Mkunga alituambia mtoto aliyezaliwa hivyo lazima aangaliwe nyonga, kwa sababu mfupa wa paja unaweza kuwa haukukaa mahali pake, na radio, ile picha ya mifupa, haitaonyesha vizuri, mifupa ya mtoto mchanga bado ni laini. Aende kwa ekografi, mashini ile ile ya kuangalia mimba. Daktari mmoja aliyerudi kutoka masomoni Ubelgiji alikuwa ameanza kuitumia kwa nyonga za watoto. Wakatupa siku.

Siku yenyewe mama mkwe alikuwa Kasomeno kwa ndugu zake, kutafuta samaki wa matanga, na tulijua angerudi kesho yake. Sasa niambieni, mwanaume mzima, na abakosti yake, suti ya enzi zile, iliyopigwa pasi, akae na mtoto mchanga kwenye benchi la wanawake wenye mimba? Wenzangu wa tanuru wangenicheka mpaka pensheni. Ndipo nikamwomba jirani, Mama Kabedi, anibebee mtoto. Kabedi alikuwa mwanamke mpole, mumewe alimwacha kwa sababu hakupata kuzaa (hilo "Mama" tulimpa kwa heshima tu). Akakubali kabla sijamaliza kuomba, akavaa kitenge chake cha sikukuu.

Tulipofika, muuguzi akauliza bila hata kuinua kichwa:

"Mama wa mutoto njo huyu?"

Nikasema, "Ndiyo."

Neno moja tu! Lakini tangu mazishi sikuwa nimewahi kutamka kwamba Numbi amekufa, wengine ndio walikuwa wakinisemea, na mbele ya benchi lile lote ulimi ukakataa. Kabedi akanitazama, akaenda kukaa.

Wanawake wakamzunguka. "Ah, mutoto muzuri! Ulizala muzuri, mama?"

"Muzuri," akajibu polepole. "Minamushukuru Mungu." Na nikaona anatabasamu, anamrekebishia Umba kofia yake, kama mtu aliyeruhusiwa kuingia nyumba aliyokuwa akiipita nje miaka yote.

Mtoto akaanza kulia. "Mupe maziwa, mama, eko na njala!" Kabedi akajifunika kitenge, akajifunua, akajifunika tena, jasho likimtoka, mpaka mimi nikachomoa chupa kwenye mfuko wa abakosti, kifuniko kikalegea, maziwa yakanimwagikia kifuani mpaka kwenye suruali. Benchi zima likapasuka kwa kicheko: "Baba njo ananyonyesha!" Nikacheka nao, mjinga mimi, nikadhani aibu ya siku imekwisha.

Muuguzi akaita, "Mama Umba! Bibi ya citoyen Monga!" Monga ndiye mimi, na enzi zile kila mtu aliitwa citoyen, yaani mwananchi.

Kabedi akasimama na mtoto. Nyuma yetu kapu likaanguka, samaki wakavu wakatawanyika sakafuni. Alikuwa mama mkwe. Alipata lori mapema, akakuta nyumba imefungwa, majirani wakamwambia mtoto yuko hospitali, naye akaja mbio na mzigo wake akidhani mjukuu naye anakufa.

"Bibi ya nani?" akauliza. "Monga, hatuyatosha hata matanga! Udongo wa mwana wangu haiyakauka, na weye unaoa bibi mupya? Na mutoto wa Numbi unamupa?"

Akaketi chini katikati ya samaki, akaanza kulia kilio kile cha mazishi, akimwita Numbi kwa jina. Wanawake waliokuwa wakimpongeza Kabedi wakamgeukia. Mwizi wa bwana! Anakalia kiti cha marehemu! Kabedi akasema yeye ni jirani tu, lakini nani angemwamini, si punde tu alisema amezaa vizuri? Alikuwa akinitazama, akingoja niseme kitu. Sikusema. Akaniwekea mtoto mikononi, akatoka amejifunika uso kwa kitenge.

Daktari akatokea mlangoni. "Kelele ya nini? Mama wa mutoto eko wapi?"

"Alikufa," nikasema. "Bibi yangu alikufa. Alikufa akimuzala huyu." Nikalia pale pale, maziwa yakinikaukia kifuani, mbele ya watu ambao sikutaka hata wanione nimebeba mtoto.

Daktari akatuingiza sote wawili, mimi na mama mkwe, maana ilibidi mtoto alazwe ubavu na ashikwe asigeuke, mmoja mabega, mwingine miguu. Kwetu mtu hamgusi mama mkwe wake, hata kukaa karibu naye ni vibaya. Kwenye kitanda kile chembamba mikono yetu ikalaliana juu ya Umba, na hakuna aliyeondoa wake. Daktari akapaka ute wa baridi kwenye nyonga, akapitisha kidude cha mashini, kwenye kioo chake pakaonekana kama moshi mweusi na mweupe.

"Angalieni, hiki ni kama kikombe, ndani yake mfupa wa paja unakaa. Kuume, muzuri. Kushoto, kikombe haina kina ya kutosha, mfupa unateleza. Tutamufunga mikanda, miguu ikae imekunjwa na kupanuka. Eko mudogo bado, itajitengeneza."

Mama mkwe akauliza neno moja tu: "Atatembea?"

"Atatembea, mama."

Mikanda ilifungwa, lakini mama mkwe hakurudi kwangu, alihamia kwa mpwa wake huko Annexe, pembezoni mwa mji. Nikienda, ananipa mtoto mlangoni bila kunikaribisha ndani. Nikatuma wazee waeleze. Wakarudi na jibu la wakwe: wanaamini sikuoa, lakini nilimkana Numbi mbele ya watu. Mikanda ilipotolewa na daktari kuridhika, wakampeleka mtoto Mitwaba.

Kwa Kabedi nilikwenda kuomba msamaha. Kambini kwetu wafanyakazi walikuwa wameshamtungia wimbo wa kumcheka. Alikuwa anafunga vitu vyake ahame.

"Uliposema ndiyo, sikukataa," akaniambia. "Mie pia nilipenda. Lakini bale banamuke balinitukana, Monga, na weye ulinyamaza."

Ilipita kama miaka mitatu ndipo nikapata likizo, barabara ikiwa imekauka, nikaenda Mitwaba. Nikamkuta Umba uani anafukuza kuku, miguu imenyooka, mbio kweli kweli. Aliponiona akasimama.

"Kaku, ule ni nani?" akamuuliza bibi yake.

"Ni baba yako."

Akanitazama kidogo, akarudi kwa kuku wake.

Ndiyo hivyo. Siku hizi mtu akiniuliza habari za mke wangu, ninajibu mara moja kwamba Numbi alikufa, hata kama tuko harusini. Na ningerudishiwa ile asubuhi, ningembeba mtoto wangu mwenyewe, nikae naye kwenye benchi lile katikati ya matumbo yote ya mji huu, na wenye kucheka wacheke mpaka wachoke.