Ugonjwa Nilioupa Wenyewe

Kwa miaka mingi nimekuwa karani wa rejista ya uvimbe katika hospitali moja ya Gitega, na nimechoka. Mgonjwa akionekana ana uvimbe, namwandika: umri, kilima anakotoka, maana kwetu kijiji ni kilima, na sehemu ya mwili iliyoshikwa. Halafu kuna safu ya asili yake. Fomu zilitengenezwa mbali, na waliozitengeneza walitaka kujua kabila gani hupata uvimbe wa aina gani. Hapa kwetu mtu aliyelala kitandani haulizwi kabila lake. Watu walishakufa kwa swali hilo. Basi tangu mwanzo nilijitafutia njia ya mkato: nikaandika Mrundi au Mhindi, nikageuza ukurasa.

Ukurasa wa ubongo na mishipa ya fahamu ulikuwa na Wahindi wengi kuliko sisi. Nao mjini si wengi, ni familia chache za Kiislamu zenye maduka. Namkumbuka mzee mmoja muuza vyombo aliyekuja na picha za kichwa cha mkewe, zilizopigwa ng'ambo, ndani ya bahasha kubwa aliyoishika kwa mikono miwili. "Andika vizuri, mwanangu," aliniambia, "ili watu wajue kwamba alipigana." Nikaandika vizuri. Watu wetu wa vijijini, wa Bugendana, Itaba na Bukirasazi, walikuja kwa miguu na matumbo yao, matiti yao, shingo zao. Wa vichwa walikuwa wa kuhesabika.

Nikautazama ukurasa ule mwaka baada ya mwaka mpaka nikajiona bingwa. Wakati wa chai niliwaambia wenzangu kwamba uvimbe wa ubongo si ugonjwa wetu sisi watu wa jembe. Labda ni damu ya Wahindi, labda ni vyakula vyao. Hakuna aliyenibishia. Karani mwenye rejista mkononi atabishiwa na nani?

Dada yangu ndiye aliyenilea katika kambi ya wakimbizi Tanzania baada ya mama yetu kufariki. Aliacha shule ili mimi nisome. Tuliporudi Burundi aliolewa Muyinga, akalima maharage na mihogo, akazaa, akazeeka mapema. Siku moja alinipigia simu.

"Mdogo wangu, kichwa kinaniamsha alfajiri. Na jicho la kushoto, kila kitu nakiona kama kiko kwenye moshi wa jikoni."

Shemeji akaichukua simu. "Mi nasema tumupeleke akapigwe picha ya kichwa. We unasema je?"

Mashine ya picha ilikuwa Bujumbura, safari ndefu na foleni ndefu zaidi. Nilitaka kumpunguzia dada usumbufu. Nilitaka pia, niseme ukweli, kuonekana najua. Nikamwambia anirudishie dada, na dada alipochukua simu nikamweleza kwamba mimi ndiye ninayeyaandika magonjwa ya uvimbe, kwamba ya kichwani ni ya Wahindi, kwamba yeye ana jua la shambani na uchovu tu. Ameze dawa ya maumivu, apumzike.

Alicheka kwa kufarijika. "Mungu akubariki. Umenitua mzigo."

Akajifunga kitambaa kichwani, akakikaza kama wafanyavyo wanawake wa kule kichwa kikiwauma, akarudi shambani. Jirani mmoja akamchanja pembeni mwa paji la uso, akampaka dawa ya majani. Misimu miwili ya maharage ikapita. Kila nilipopiga simu alisema anaendelea vizuri, nami niliridhika, maana jibu hilo lilinifaa.

Nilikwenda Muyinga kwa ubatizo wa mjukuu wake. Alinimiminia chai, ikamwagika yote mezani, pembeni kabisa mwa kikombe, naye akaendelea kumimina huku akiniuliza habari za watoto wangu. Kesho yake nilimpeleka Bujumbura mwenyewe.

Daktari aliniita peke yangu, dada akabaki nje kwenye benchi na shemeji. Akaipachika picha kwenye taa.

"Bon, uvimbe huu si saratani. Uko kwenye utando wa ubongo, unakua polepole, miaka na miaka. Tutautoa, ataishi. Lakini macho, hapana. Neva za macho zimeshakufa. Kama angekuja wakati anaona moshi tu, tungeyaokoa."

Nikamuuliza swali la kipumbavu, na nililijua ni la kipumbavu lilipokuwa bado mdomoni: kumbe na sisi tunaupata huu?

"Nani alikuambia hatuupati? Kule ng'ambo ambako kila mtu anapigwa picha, uvimbe wa aina hii kwa watu weusi hauko nyuma hata kidogo. Wengine wanasema unazidi. We unaandika wale wanafika kwenye mashine. Wengine wanazikwa na kichwa chao."

Miaka yote ile nilikuwa nahesabu waliomudu safari, nikadhani nahesabu damu. Wa Itaba walikuwa wanaumwa vichwa vilevile, ila walikufa nyumbani, wakaitwa wenye mapepo, wenye kifafa, waliorogwa. Na mimi, mwana wa kambi niliyesomeshwa kwa jasho la mwanamke yule aliyekaa kwenye benchi, niliuchukua ujinga wangu nikampa kama dawa. Nina hasira na nafsi yangu mpaka leo, lakini ni hasira iliyochoka, haina hata nguvu ya kupiga meza.

Alipasuliwa, akapona. Sasa ananenepa, anaimba, anatembea ameshika bega la mumewe. Macho hayakurudi.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Ilikuwa Jumapili, majirani wametoka kanisani wamejaa uani. Alinipapasa uso mpaka akaridhika kwamba ni mimi, kisha akapaza sauti.

"Huyu mnayemwona, bila yeye ningekuwa kaburini. Ndiyo faida ya kusomesha. Nyie mkiumwa kichwa msihangaike na waganga, mpigieni huyu kwanza."

Watu wakatoa simu zao, wakaniomba namba. Niliwapa, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja nilimwambia asinisikilize mimi, aende akapigwe picha. Walicheka, wakasema nina unyenyekevu. Dada akacheka nao, mkono wake ukiwa bado begani kwangu. Yeye alinipigia mimi kwanza, na mpaka leo sijaweza kumwambia kwamba macho yake yangeokolewa.