Mkono wa Kulia wa Kaka Elia

Nikisikia harufu ya dawa ya kuchua misuli, ile inayochoma pua, narudi moja kwa moja uani kwetu Ngarenaro. Nilikuwa darasa la tano. Chumba cha mwisho, karibu na bomba, alipanga kaka Elia, bondia. Mchana alichomelea mageti kwenye karakana ya jirani, jioni anapiga gunia la mchanga hapohapo, na mpaka leo siwezi kutenganisha ile dawa na harufu ya chuma kilichoungua. Alikuwa mpole mpaka inaudhi. Ukimpita kwenye foleni ya maji, anakupisha. Jumapili anaimba besi kanisani kwetu.

Ndiyo maana gari la matangazo lilipoanza kuzunguka, nilicheka. Promota wa pambano lake alitaka ukumbi ujae, basi spika zikapiga kelele kuanzia kwetu mpaka Kwa Mrombo kwamba Nyundo ya Ngarenaro, yaani kaka Elia, ameapa kumrudisha bondia wa Moshi kwao kwa machela.

"Kaka, kumbe unatukana watu?" nikamtania.

"Hayo ni ya promota. Mimi niliambiwa tu nikunje sura kwenye picha."

Lakini baada ya wiki moja hata mimi niliamini ile sura. Bango lilibandikwa ukutani karibu na bomba, na sisi ndio tukaanza kumpisha yeye kwenye foleni. Mama Neema, ambaye hata salamu yake alikuwa haitikii, akawa anamwita mwanangu.

Siku nne kabla ya pambano nilimkuta nyuma ya choo asubuhi, ametumbukiza mkono wa kulia kwenye ndoo ya maji ya moto yenye chumvi. Umevimba kama andazi. Geti lilimwangukia kazini. Nikamwambia asipigane.

"Nikisema, promota anamweka mtu mwingine, na mimi haniiti tena," akasema. "Usimwambie mtu. Hata mama yako."

Nikaapa. Nilijiona mkubwa.

Jumamosi mchana baba akanipeleka ukumbini. Raundi ya kwanza kaka Elia alirusha mkono wa kulia mara moja tu, uso ukamkunjamana, hakuurusha tena. Ilipoisha ya tatu akakaa kwenye kigoda chake. Kengele ya raundi ya nne ikalia, hakuinuka. Mtu mmoja nyuma yetu akasema, "Kauza pambano huyu." Ikawa basi. Na promota, aliyemtengeneza yule Nyundo, akashika kipaza sauti. "Jamani, nimeumia kama ninyi. Akitaka kusafisha jina lake, mimi namwandalia lingine." Hata aibu aliigeuza tangazo.

Jumatatu watoto wa uani wakamsubiri bombani. "Kauza! Kauza!" Neema akanigeukia, "Mbona wewe uko kimya? Au alikugawia?" Nikaimba. Niliimba kuliko wote. Kaka Elia akanitazama, akajaza ndoo yake, akaingia ndani. Nilijiambia siwezi kumtetea kwa sababu niliapa kutunza siri. Uongo mtupu. Ile siri ilikuwa imemaliza kazi yake ulingoni. Mimi niliogopa kuchekwa na Neema. Kabla mwezi haujaisha kaka Elia akahama, na kwaya ikabaki na besi mmoja mzee anayekohoa.

Mwaka huu nimekwenda Nduruma kwa shangazi, nikamkuta kaka Elia shambani kwake anang'oa vitunguu.

"Shikamoo, kaka Elia."

"Marahaba. Wewe si yule wa uani?"

Akanipa mkono wa kushoto. Wa kulia, vidole viwili havikunjiki. Nikaanza kumwomba msamaha, nikababaika, akanikatisha.

"Wewe ulikuwa mtoto mwaminifu. Promota hajajua mpaka leo. Asante."

Sijui kama alisahau nilivyoimba, au aliamua kusahau. Nilibeba vitunguu alivyonipa nikaondoka.

Siku hizi gari la matangazo silisikii sana. Kila kitu kinakuja kwenye simu, sura zimekunjwa vilevile. Jana bondia mmoja kabaki kwenye kigoda, na chini ya video watu wameandika kauza, kauza, mamia yao. Nikaandika, "Labda ameumia mkono." Mtu akanijibu, "Unamjua wewe?" Wenzake wakaweka vicheko.

Nikafuta nilichoandika.