Shayiri Iliyolala

Mwaka nilioamua kununua shayiri kwa magunia, nilikuwa nimejipikia bia nyumbani kwa miaka mitatu. Mimi ni fundi wa maabara katika shule ya upili hapa Nakuru, na labda ndiyo sababu niliipenda kazi ile ya kipimajoto, maji moto na subira. Kimea, yaani shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa, nilikuwa naagiza Nairobi kilo tano tano, nacho kilitoka ng'ambo. Jambo hilo lilinikera. Ukipita Rongai unaona shayiri imepanda mpaka mlimani, na mimi nanunua iliyovuka bahari. Nikasema nitanunua ya hapa, niioteshe mwenyewe.

Nilikuwa naishi na mama yangu mtaani Bondeni, vyumba viwili na jiko. Alikuja Nakuru kutoka magharibi akiwa ameolewa na mfanyakazi wa reli, na zamani busaa yake, pombe ya nafaka, ilijulikana mtaa mzima. Alipookoka aliacha siku hiyo hiyo, akagawa mitungi. Bia yangu hakuionja wala hakuikataza. Aliipita tu jikoni kama mtu anavyompita mbwa wa jirani.

Shayiri niliipata kwa mjane mmoja, mkulima wa juu ya Rongai. Nilifika siku kombaini inavuna. Mashine ilipomaliza kumwaga kwenye turubai nilitumbukiza mkono mpaka kiwiko, nikakuta vuguvugu kama ubavu wa ng'ombe. Tuliiacha juani siku kadhaa. Niliporudi, mjane alitia chumvi kavu na konzi ya nafaka kwenye chupa, akatikisa. Alisema chumvi ikishika kwenye kioo nafaka bado ina unyevu, nisinunue, hata kama muuzaji ni yeye. Haikushika. Nikachukua magunia manne.

Niliyapanga chumbani kwangu juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, kwa kuwa Mama alisema gunia likigusa ukuta hunywa unyevu wake. Chumba kizima kikanuka shamba.

Wiki mbili baadaye nilihesabu punje mia moja, nikazilaza kwenye pamba iliyoloa ndani ya sahani ya maabara. Siku ya tatu zilikuwa zimeota nne. Nikarudia, zikaota sita. Nafaka isiyoota haiwezi kuwa kimea, nami nilikuwa na magunia manne yake kando ya kitanda. Niliwaza kwamba mjane alinipa masalio ya zamani, au aliyakausha kwa moto. Mama alikuja akaitazama sahani, akapasua punje moja kwa ukucha, akaichungulia. Alisema ni nzima, akarudi kwenye ushonaji wake.

Jumamosi nilikwenda Rongai na sahani yangu ndani ya mkebe wa chakula, nimejaa maneno. Mjane alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Aliniuliza ni wiki ngapi tangu tuvune, akanipeleka ghalani nyuma ya nyumba. Pembeni palikuwa na pipa la chuma, mfuniko wake umezibwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Aliufungua. Ndani mlikuwa na shayiri ya msimu uliopita, na juu yake, kwenye kifuniko cha mkebe, kipande cha mshumaa. Alinieleza kwamba huuwasha, akafunga, moto ukala hewa mpaka ukazimika, na wadudu wakafa kwa kukosa pumzi. Punje hazifi. Alinichotea konzi, akaimimina kwenye mkebe wangu.

"Madam, yako haijafa," akasema. "Imelala. Ikitoka shambani hulala, na hakuna wa kuiamsha."

Nilimwuliza mpaka lini. Alisema miezi miwili, wakati mwingine zaidi. Isingelala, mvua ya kuchelewa ingeiotesha kwenye suke kabla ya kuvunwa, na watu wangekosa mbegu. Nilisimama pale nikaona haya. Kwa miaka zaidi ya kumi nimewaandalia wanafunzi majaribio ya mbegu, maharagwe kwenye pamba, na sikuwahi kujua kwamba mbegu inaweza kungoja hivyo.

Nyumbani, kati ya punje mia za konzi ile ziliota tisini na saba. Zangu zilikuwa bado. Nikawa napima kila wiki: kumi na moja, ishirini, thelathini na nane. Mama naye akaanza kuuliza kila Jumapili kama zimeamka, akiuliza kwa sauti ya chini kama anayeulizia mgonjwa. Wiki ya kumi ziliota tisini na tano.

Nililoweka nusu gunia, nikaitandaza sakafuni jikoni juu ya magunia yaliyoloa. Siku ya pili asubuhi nilikuta kila punje imetoa ncha nyeupe, zote pamoja, maelfu kwa maelfu, na hakuna aliyeziambia. Nilitia mkono katikati ya lundo nikautoa haraka. Lilikuwa na joto. Hapakuwa na moto wala jua mle jikoni, joto lilitoka ndani ya punje zenyewe.

Mama alitoka chumbani amevaa nguo za kanisani. Alitazama, akajifunga leso kiunoni, akapiga magoti na kuanza kugeuza shayiri kwa mikono miwili, ya chini ikija juu, ili isijipike kwa joto lake. Sikuwa nimemwomba. Nilipiga magoti upande wa pili. Tuligeuza mpaka saa ya ibada ikapita, na hapo nikamwuliza kama haoni vibaya.

"Kuota si dhambi," akasema.

Tuliianika juani uani siku tatu, tukasugua vimizizi vikapukutika. Bia ilitoka na ukungu kidogo na ladha ya ganda la mkate, na niliipenda kuliko zote. Mama hakuionja. Aliomba kikombe cha kimea, akakisaga, akatia vijiko viwili kwenye uji mzito uliokuwa umeepuliwa. Akakoroga polepole. Mbele ya macho yangu uji ule ulilegea, ukawa mwepesi kama maziwa, na tulipouonja ulikuwa mtamu bila sukari. Nilimwuliza alijifunza wapi. Alisema kwa mama yake, akanijazia kikombe.